Majani Yaliyopigwa Pasi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimenunua mikaratusi! Fungu zima, majani ya mviringo, kijani cha majivumajivu, harufu kali mpaka pua inawasha. Jumamosi mke wangu anafungua duka lake la ushonaji. Miaka saba ameshonea kwenye kona ya chumba chetu cha kulala, nami nimelalia vifungo. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi. Nilimwomba kazi moja tu, kupamba mlango wa duka. Amenipa! Shemeji, kaka yake, seremala, alitaka kuweka maua ya plastiki. Thubutu!

Mama Maua wa pale kona ndiye aliyeniuzia. Kanishauri nikiyataka mabichi nikate mashina mshazari, nitoe majani ya chini, nibadilishe maji kila baada ya siku mbili. Nikiyataka makavu, nifunge vifungu vidogo, nivining'inize kichwa chini kivulini penye hewa, wiki tatu. Wiki tatu! Nikamwambia nayataka makavu na nina njia zangu. Alicheka mpaka akashika meza. Hana adabu yule mama.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeyaanika juu ya bati, fungu zima, juani. Saa nane nimepanda kutazama. Juu yamepauka kama sare ya mlinzi mstaafu. Chini mabichi vilevile. Shemeji kapita, akauliza kama nimeanza kufuga mbuzi. Nimeshuka kwa heshima zote, ila ngazi ilitangulia kufika chini.

Jumatano, 6 Agosti

Mama Maua anasema wengine hutumia gliserini. Shina linainywa, jani linabaki laini. Gliserini sina. Mafuta ya kupikia ninayo, na mafuta ni mafuta. Nimeyachovya yote. Yanang'aa!

Fundi akauliza imekuwaje chupa imekwisha na jikoni hakujapikwa kitu. Nikamwambia ni mambo ya sanaa. Akaniangalia weee, akacheka, akanifuta mafuta kidevuni kwa kanga yake. Nampenda huyu mwanamke. Lazima nifaulu.

Alhamisi, 7 Agosti

Bado yanang'aa. Halijakauka hata moja.

Ndipo akili ikanijia. Pasi! Kitu kinachonyoosha na kukausha kwa pamoja. Fundi alikuwa amekwenda kununua uzi. Nikachomoa jani mojamoja, nikapiga pasi, ili baadaye nilirudishe kwa gundi. Kila jani lilitoa moshi na harufu ya dawa ya kifua. Baada ya majani mia mbili nina chenga kama za majani ya chai na vijiti vitupu. Nimefagia, nimefungua madirisha, nimerudisha pasi mahali pake. Hakuna aliyeona.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa! Fundi kapiga pasi gauni jeupe la mkunga, mteja wa kwanza wa duka jipya, anayekuja kulichukua kesho mbele za watu. Doa la kahawia, pana kama kiganja, kifuani kabisa! Fundi alikaa chini, gauni mapajani.

Nikasema huenda ni vanishi ya Shemeji. Lilinitoka lenyewe, wallahi! Fundi akaenda kumgombeza kaka yake mpaka nyundo ikamdondoka. Maskini, hakujua hata kosa lake. Fundi aliporudi akaanza kusugua lile doa, machozi yanamtiririka. Sikuweza tena. Nikamwambia yote, bati, mafuta, pasi.

Akasema doa analiweza, mume muongo ndiye asiyemweza. Nimeumia kuliko nilivyoumia kwa ngazi. Nimemwomba Shemeji radhi. Kaniita mbuzi, tukaishia hapo. Gauni tumelisugua kwa zamu, maji ya moto na sabuni ya vyombo, mpaka doa likatoka. Nimeapa mbele ya Fundi. Pasi yake sitaigusa tena, na sitamficha jambo.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi Fundi kaniambia nilete vile vijiti. Akatoa gunia la vipande vya vitambaa vilivyobaki, akakata majani ya mviringo, mekundu, ya maua, ya mistari, nami nikafunga kwa uzi. Shemeji akapigilia juu ya mlango. Mlango ukapendeza, nyie!

Mkunga alikuja, akavaa gauni lake, akajizungusha mara tatu. Watu wakauliza nani kabuni mapambo yale. Fundi akasema ni mume wake. Mbele ya wote! Nililia. Nikasingizia vumbi la mbao.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari kwa kina. Mtu mwenye roho mbaya angesema kazi yangu iliharibika. Lakini bila mimi kukausha, vile vijiti vingetoka wapi?

Msusi aliye mlango wa pili kutoka duka la Fundi kavutiwa. Anataka nimpambie saluni, ila kwa majani halisi, makavu, na anayataka Jumatano. Nimekubali hapohapo. Mama Maua kanikumbusha tena wiki zake tatu. Safari hii nimecheka mimi.

Kiapo ni kiapo. Pasi siigusi. Ila saluni ina lile likofia la umeme la kukaushia nywele, na nimepima, fungu zima linaingia. Fundi nitamwambia kila kitu, kama nilivyoapa, majani yakishakauka.