Mkono Wangu Mmoja na Msemo wa Mji Mzima

Mtaa wa Kiwandani,
Bellwood, Indiana.
Aprili 9, 1923

Bwana Mhariri,

Baada ya salamu, naomba nafasi gazetini mwako nieleze dhuluma ninayotendewa na mji mzima, ukiwemo wewe (ukurasa wa tatu, Alhamisi iliyopita).

Mimi ni Alvah Strunk. Nabandika karatasi za ukutani, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Mkono wa kushoto niliuacha katika kiwanda cha mbao nikiwa kijana, na sijaurudia. Ndoo ya gundi huitundika kwenye ngazi, ncha ya juu ya karatasi huikandamiza ukutani kwa paji la uso, na mkono uliobaki hushusha brashi taratibu. Chumba kimoja, siku moja, pamoja na usingizi mfupi baada ya chakula cha mchana.

Sasa, Bwana Mhariri, hapa Bellwood mtu akiulizwa habari za kazi, hasemi tu kwamba ni nyingi. Anasema, “Wee acha! Nina shughuli kama mbandika karatasi mwenye mkono mmoja!” Watu wanavunjika mbavu, nami nimesimama palepale kofia mkononi, nangoja kunyolewa. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Msemo huu ni wa uongo. Asiyepumzika ni mwenye mikono miwili, kwa kuwa kila mkono hutafutiwa kazi yake. Mtazame kinyozi wetu, Lon Teagarden. Wa kulia umeshika wembe, wa kushoto unasimulia habari za watu. Mwezi uliopita alimchana Bwana Pruitt sikio. Mimi sijawahi kumchana mtu sikio.

2. Asili yake haijulikani, na ruhusa sikuombwa. Nilikwenda maktaba, na Bi Ottilie Frame akanifungulia vitabu vitatu vizito. Akasema wengine hudai ni maneno ya askari, wengine ya wachekeshaji wa jukwaani, lakini aliyeanza hasa hakuna amjuaye. Kisha akaninong'oneza, “Ila Alvah, sisi siku zote tulidhani ni wewe.” Bi Ottilie ni mtu msomi!

3. Wameuongezea chumvi. Siku hizi wanasema “mwenye mkono mmoja na anayewashwa na upele.” Siwashwi popote. Hata hivyo, Jumapili mchungaji alinipa mkono mlangoni pa kanisa, halafu nikamwona akijifuta kwa leso, kidole kimoja kimoja.

4. Hili ndilo lililonitoa machozi, na naomba usilichekee. Nina wiki kumi na moja sina kazi. Bi Verna Applegate, ambaye sebule yake nimeibandika mara tatu, safari hii amewaita ndugu wawili kutoka mji wa jirani. Nilimfuata.

“Bi Verna, nimekukosea nini?”

“Hujanikosea kitu, Alvah jamani! Nilikuonea huruma tu. Kila ninayekutana naye ananiambia habari za shughuli zako. Nikasema, maskini, nisimwongezee.”

Nilirudi na ngazi yangu begani. Mke wangu, Hulda, alinitazama usoni, akanipakulia maharage. Tulikula tukitazama ukuta wa jikoni kwetu, ambao tangu tuoane namwahidi kuubandika nikipata nafasi. Nafasi nimeipata, karatasi ndiyo sina. Mtu anaweza kufa njaa, Bwana Mhariri, kwa sababu ya sifa ya kuchapa kazi.

Kwa hiyo naomba itangazwe kwamba yeyote atakayeutamka msemo huu aje anishikie ngazi saa nzima, bila kuongea. Akirudia, afungwe mkono mmoja mgongoni hadi Jumapili, avae viatu vya kamba, na kamba azifunge mwenyewe. Wewe uliyeuchapisha, upange herufi za gazeti zima kwa mkono mmoja wiki moja, tuone kama litatoka Alhamisi. Na ikiwa mji hauwezi kuishi bila msemo, basi waseme, “Nina shughuli kama mdomo wa Lon Teagarden.” Huo kwa kweli haujapumzika tangu azaliwe.

Nisalimie mkeo, wapiga chapa wako wote, Bi Ottilie, mchungaji na leso yake, na hata Teagarden, ambaye naye ni binadamu.

Wako mwenye nafasi tele,

Alvah Strunk

N.B. Tafadhali usiichapishe barua hii. Nilipokuwa nalamba stempu, amebisha hodi mwenye hoteli mpya ya pale stesheni. “Wewe ndiye yule wa kwenye msemo?” Nikasita, kisha nikasema ndimi. Amenipa vyumba thelathini na kimoja, naanza kesho, na anataka wageni waje kunitazama. Badala ya barua, weka tangazo kwa herufi kubwa: STRUNK, YULE YULE WA MSEMO. Ongeza kwamba upele pia upo, wageni wasije wakasema wamepunjwa. Halafu uwaonye wasomaji: huko mji wa Tolliver kuna mtu ameanza kujitangaza kwamba yeye ndiye wa msemo. Mwenye hoteli alipoondoka tu, nimekwenda kumwona. Mkono wake wa pili upo mzima kabisa, kauficha ndani ya koti.