Raba, Penseli na Kitabu cha Chumvi

Jumatano, 10 Juni. Asubuhi ya manyunyu. Nimevaa soksi mbili mbili.

Jumamosi ni siku ya kuzaliwa ya baba mkwe, mwalimu wa historia mstaafu. Husoma na penseli mkononi, akiwakosoa waandishi pembeni mwa kurasa. Mwaka jana nilimpa kitabu cha reli. Alinirudishia kimesahihishwa, na maksi juu: 38! Mke wa shemeji alimpa ramani ya kale. Tangu siku hiyo anaitwa “mwanangu”. Mimi na ndoa yangu yote hii bado ni “mgeni wetu”. Safari hii lazima!

Nimempigia mama mkwe, nikajifanya naulizia goti lake. Nikapenyeza: Baba hana kitabu gani? Akasema anavyo vyote, hadi sufuria hazina pa kukaa. Ila kimoja cha biashara ya chumvi anakitafuta nyumba nzima. Kisha akanong’ona kwamba hicho niachane nacho kabisa.

Niachane nacho! Basi ni adimu.

Alhamisi, 11 Juni. Jua.

Nimekipata! Kwa muuza vitabu vya mitumba, nyuma ya stendi. Ukurasa wa jina umechanwa, na mwenyewe wa zamani alikuwa mbishi, kachafua kila pembe. “Uongo!” “Nani kakwambia?” Watu hawana adabu na vitabu. Mwandiko kama nimewahi kuuona. Wa daktari, labda.

Ijumaa, 12 Juni. Upepo.

Nimefuta kila ukurasa kwa raba. Mume wangu akauliza kama nitakianika pia. Hana shukrani. Kitabu kinang’aa!

Jumamosi, 13 Juni. Mawingu.

Baba akafungua karatasi, akakikumbatia kitabu. Mke wa shemeji akanuna. Raha! Kisha Baba akapeleka kurasa dirishani, akauliza taratibu maneno yake yako wapi. Nikajibu kwa fahari kwamba nimeyafuta yote.

Mama mkwe akakumbuka sufuria jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

Yalikuwa maneno ya wazee wachimba chumvi, aliowahoji mwenyewe, wakimpinga mwandishi. Wote wameshakufa. Nilitamani ardhi inimeze. Hakunifokea, afadhali angefoka. Alisema niwe nakuja Jumapili, yeye akumbuke, mimi niandike.

Jikoni mama mkwe akanishika mkono: ndiye aliyekiuza kitabu, tena na sanduku zima la vingine. Tafadhali nisimseme. Sijamsema. Aibu yote nimebeba mimi.

Jumapili, 14 Juni. Mvua.

Sikwenda kuandika. Ananihurumia tu, na nitamtazamaje usoni? Nimemtuma mume wangu akakiazime hicho kitabu, eti nakitia jalada. Ukikiinamisha kwenye taa, mikwaruzo ya penseli bado inaonekana! Nafuatisha mwandiko wake ule ule. Hatajua. Pasiposomeka naandika “Uongo!”

Nimefika nusu. Nazima taa, saa nane na robo usiku.