Ngojeni, Lenzi Inakuja

Jumanne, 10 Juni

Naogopa. Ninaliandika hilo kwanza kwa sababu Mwalimu Astère anasema shajara isiyosema ukweli ni karatasi iliyoharibiwa bure.

Leo wapiga picha wa Misiera, mtaa wetu hapa kambi ya Nakivale, wamekusanyika katika studio ya Baba kutazama simu. Ndani ya simu kulikuwa na picha ya lenzi ambayo bado haijatoka. Ni ya kamera za siku hizi zisizo na kioo ndani, kama ya Baba. Wanasema itaona gizani kama paka. Wanasema hata ukimpiga mtu picha mlangoni, jua likiwa nyuma yake, macho yake yataonekana. Nimeuliza ni nani anayesema. Wanasema.

Picha yenyewe haikuonekana vizuri. Kitu kitakachotoa picha safi kuliko zote kimepigwa picha mbaya kuliko zote. Hakuna aliyelitaja hilo, nami nimefundishwa kutowakatiza wakubwa.

Kabanda, ambaye studio yake inatazamana na yetu, alisema haitaingia kwenye kamera zetu, watakuwa wamebadilisha mdomo wake wa kufungia makusudi ili tununue na kamera pia. Baba alisema itaingia. Kisha akaiangalia lenzi yetu ya pekee, yenye doa la kuvu ukingoni, kama mtu anavyomwangalia ng'ombe aliyezeeka. Kabanda, ambaye lenzi huiita obyektifi, akamwambia: "Herménégilde, hiyo obyektifi yako ikikuya ile mupya, utapimia chumvi." Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Komunyo ya kwanza ni tarehe 22. Kila mtoto mwenye gauni jeupe atapigwa picha. Kabanda ana pazia jipya lenye maporomoko ya maji. Sisi tuna ukuta. Naogopa wote watakwenda kwake, Baba atafunga studio na kurudi kulima maharage. Baba hajui kulima maharage. Nimeyaona.

Nimepata mpango.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango ni mwepesi. Nimemweleza Mama Marcienne, muuza mandazi, tena kwa siri, kwamba kupigwa picha sasa ni hasara. Lenzi mpya iko njiani. Atakayekwenda kwa Kabanda leo atajuta.

Siri ikiingia kwa Mama Marcienne, mandazi hayapoi kabla haijafika Base Camp, makao makuu ya kambi. Mchana Kabanda alikuwa amekaa nje ya studio yake peke yake. Alitoa maporomoko yake juani watu wayaone. Watu waliyaona, wakapita.

Nilifurahi, lakini kwa kiasi.

Jumamosi, 14 Juni

Kuna jambo nililisahau. Niliwaambia watu wasipigwe picha. Sikuwaambia wasipigwe na nani.

Kwetu pia hakuna mtu. Tangu asubuhi Baba anaifuta lenzi. Anadhani amemkosea mtu. Amekwenda kumwomba jirani msamaha, bila kujua wa nini, na jirani amempa, naye pia bila kujua wa nini. Mama Marcienne amelifungia gauni la komunyo la binti yake sandukuni mpaka lenzi ifike. Nikamwambia kwa adabu kwamba mtoto anakua. Akasema basi watampunguzia uji.

Baya zaidi ni Bibi Nyirakamana, anayeishi nyuma yetu. Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kupigwa picha. Picha zake zote, hata ile ya kitambulisho, zilitoka na uso mweusi kama kitako cha sufuria. Mwanawe Cassien yuko Kanada. Hajamwona mama yake tangu alipoanza kuota ndevu, na kila akipiga simu anaomba picha moja tu, yenye macho. Bibi alikuja amevaa kitenge cha sikukuu. Akamsalimu Baba, akamwambia atangoja ile inayokuja. "Nimeshangoja mengi, mwanangu. Na hiyo nitaingoja."

Kisha akakohoa. Akakohoa mpaka akakaa chini.

Baba, ambaye anaamini lenzi inakuja kweli, aliinamisha kichwa tu. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama huko bila sababu.

Jumatatu, 16 Juni

Gari la wagonjwa limempeleka Bibi hospitali, Mbarara mjini. Ni mapafu.

Mwalimu Astère anasema kila jambo lina chanzo, tukio na matokeo. Chanzo ni mimi. Tukio ni kikohozi. Matokeo siyaandiki. Akienda bila picha, Cassien hatayaona macho yale tena, na Mungu anajua jina langu kamili.

Nimejaribu kusali. Katikati nikagundua kwamba nimeiombea lenzi badala ya Bibi. Nikaanza upya.

Baba atakwenda Mbarara Jumatano, kumwona Bibi na kumuuliza Swaib, mwenye duka la kamera mtaa wa Nyamityobora huko huko mjini, kama lenzi imefika. Nimeomba kwenda naye. Nimesema ni kwa ajili ya somo la jiografia.

Jumatano, 18 Juni

Tumerudi kutoka Mbarara.

Duka la Swaib lina kabati kubwa la vioo, na ndani lenzi zimekaa na vumbi lake. Baba aliuliza kwa upole. Swaib aligonga kioo cha kabati.

"Mzee, na wewe pia? Mimi nauza kitu iko. Kitu haiko, nitauza namna gani?" Akasema Mbarara nzima imekuwa ngoja, ngoja. Akimwonyesha mtu lenzi nzuri anaambiwa kuna nyingine inakuja, na hiyo nyingine hakuna mtu aliyewahi kuishika, hata yeye. "Nani anatembeza hii maneno? Nikimupata, namufungia ndani ya hii kabati mpaka hiyo lenzi yake ifike."

Nililiangalia kabati. Ninaenea humo.

Baba alitoka pale akiwa amepungua. Mimi mfukoni nilikuwa na utepe wa dhahabu wa mshumaa wa komunyo. Niliuchukua nyumbani bila kujua kwa nini, ingawa nadhani nilijua. Pale hospitali, Baba alipokuwa anaulizia wodi, niliuzungusha kwenye lenzi yetu ya zamani. Ulikaa vizuri sana. Hilo ndilo lililonitisha.

Kitanda cha Bibi kiko dirishani. Amekonda. Kabla ya salamu aliuliza: "Imefika?"

Baba akafungua mdomo. Nikamtangulia. Nikasema imefika, Bibi, nikamwonyesha ule utepe, uliong'aa kwenye lenzi kama pete ya dhahabu. Baba akaiangalia lenzi, akaniangalia mimi, akamwangalia Bibi. Kisha akafunga mdomo. Sijawahi kuogopa mdomo uliofungwa namna ile.

Bibi akaomba ainuliwe. Akajifunga kitambaa upya, akageuza uso dirishani, alikosimama Baba, ili aione vizuri hiyo lenzi aliyoingoja. Aliikodolea macho kama mtu anayempokea mgeni, mwanga wote ukiwa usoni mwake. Baba akapiga. Akapiga tena. Kisha akamwinamishia kamera aone.

Bibi aliivutia kamera karibu. "Kumbe niko na macho ya mama yangu," akasema.

Baba aligeuka akaanza kuifuta lenzi, nayo haikuwa chafu.

Njia nzima mpaka Nakivale hakusema neno.

Ijumaa, 20 Juni

Baba amesema. Aliuweka utepe mezani, akasema: "Doriane, wewe ni mtoto wa shule." Akaishia hapo. Afadhali fimbo.

Nilimweleza yote, tangu mandazi. Akaniagiza nipite nyumba kwa nyumba nikaseme kwamba hakuna lenzi mpya. Nikapita. Nilijieleza kwa sentensi kamili. Hakuna aliyeniamini. Mama Marcienne alisema: "Mwanangu, usitufiche. Mnaiwekea matajiri wa Mbarara?" Maana habari ilikuwa imenitangulia: picha imefika Kanada, na Cassien amelia kwenye simu mpaka wodi nzima ikamsikia. Lenzi isiyokuwepo inamlizaje mtu Kanada? Nikapita nyumba iliyofuata.

Jioni watu walipanga mstari mlangoni kwetu. Na Kabanda akaja. Akaomba kuishika lenzi. Akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga, akaliona doa.

"Kuvu ni ile ile," alisema taratibu, ili watu wa mstarini wasisikie. Akairudisha. Akauliza hali ya yule mama mgonjwa. Akaenda zake.

Naogopa zaidi. Mtu mbaya akikufanyia wema hujui utaulipa lini.

Jumapili, 22 Juni

Komunyo. Baba aliwasimamisha watoto karibu na dirisha la kanisa, na lenzi haikuwa na utepe. Baba alimwambia kila mama wazi: ni ile ya zamani. Kila mama alimkonyeza.

Ng'ambo ya barabara Kabanda naye alikuwa na mstari mrefu. Lenzi yake ilikuwa na tepe mbili, mmoja wa dhahabu na mmoja mwekundu.

Baba aliziona. Alicheka mpaka akakaa chini. Ni mara ya kwanza tangu tarehe 10. Hata hivyo hajanirudishia utepe.

Jumanne, 24 Juni

Bibi amerudi, na ametembea mwenyewe kutoka kwenye gari. Nilikwenda kumwungamia. Chanzo, tukio, matokeo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

Kisha akauliza: "Basi ile yenyewe bado inakuja?"

Nikasema sijui.

"Ni vizuri," akasema. Akanieleza kwamba pale wodini usiku ulipokuwa mrefu alijiambia hawezi kwenda kabla lenzi haijafika, itakuwa ni kukosa adabu. "Sasa nimeshapigwa. Mwaka huu nitangoja nini tena?" Na akakohoa. Kikohozi kidogo tu, lakini kile kile.

Nimejifunza mengi katika siku hizi. Uongo huumiza wasio na hatia. Uvumi humrudia mwenyewe. Ukweli hauhitaji utepe. Nimeyaandika haya kwa mwandiko wangu bora na ninayaamini yote.

Kwa hiyo nilimwambia Bibi peke yake. Kwamba kuna nyingine. Kubwa kuliko ile. Itatoka kabla ya Krismasi, na wanasema itamwona mtu mbele na mgongoni kwa pamoja. Macho yake yalifunguka kama pale dirishani. Nikamwapisha asimwambie mtu, naye akaapa.

Kabla sijafika nyumbani Mama Marcienne alinisimamisha njiani. Aliuliza kama ni kweli kuhusu mgongo, maana gauni la binti yake lina fundo zuri nyuma, na pale kanisani hakuna aliyeliona.