Niliyemwona Kwenye Mkorosho wa Babu

Leo nimesimamisha mazishi. Ya babu yangu mwenyewe. Na sababu ni ndege.

Naandika nikiwa nimejibanza nyuma ya jiko, kwetu bara, ng'ambo ya mto Sabaki. Wageni bado wanakula. Nimejificha kwa sababu kila anayepita ananitazama mimi, kisha anatazama mti. Msinipigie simu, sitashika. Someni tu.

Kwa wasionifahamu vizuri: mimi hushona nguo Muyeye, na siku isiyo na kazi hutazama ndege. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kwa darubini ya mtumba ambayo jicho lake moja lina ukungu. Mimi ndiye yule ambaye ukisema "tazama kandege kale," anakujibu kwamba yule ni chozi, tena dume, tena bado hajamaliza kubadilisha manyoya. (Ndiyo maana sina marafiki wengi. Najua.) Lakini nikimwona ndege kabla yeye hajaniona, nikamjua kwa jina lake bila kukosea, moyo wangu huacha kwenda mbio kwa dakika moja. Hakuna kitu kingine kinachonituliza hivyo. Hata maombi, Mungu anisamehe.

Na kuna ndege mmoja nimemtafuta tangu nianze. Mnana wa Kilifi. Kichwa cheusi, mgongo mweusi, tumbo la njano. Dunia nzima hapatikani kwingine, ni huku kwetu tu. Watu hutoka Ulaya kuja kumtafuta. Mimi niliyezaliwa hapa sijawahi kumwona, na jambo hilo huniuma kama deni.

Basi, babu akafariki. Alikuwa mzee sana na aliugua muda mrefu, na aliyemlisha, kumwogesha na kumgeuza kitandani ni mama yangu. Mama si binti wa boma hili. Aliolewa hapa, baba yangu akafa mapema, na tangu hapo mama ni kama mgeni aliyesahau kuondoka. Kwenye vikao vya familia hukaa karibu na mlango.

Lakini juzi kwenye kikao alisema. Alitaka mimi ndiye nizungumze kwa niaba ya wajukuu.

"Kadzo?" akauliza baba mkubwa Katana, ambaye ndiye mkubwa wa boma sasa. "Huyu anayezurura vichakani na darubini?"

"Huyo huyo," mama akasema.

"Na akituaibisha?"

"Akiaibisha, nimeaibisha mimi. Sitafungua mdomo wangu tena katika boma hili."

Watu wote walisikia. Kwa hiyo leo niliamka kabla ya jogoo kuirudia hotuba.

Nilikuwa nimeikariri yote. Niliisema mbele ya kioo, niliisema nikiteka maji, niliisema kwa mbuzi. Mama alinipokonya darubini akaifungia ndani ya sanduku. "Leo hakuna ndege," akasema. Nikamwambia leo hakuna ndege.

Kabla ya ibada kulikuwa na ugomvi wa shati. Babu alikuwa na shati lake la njano, kola imechakaa, ambalo shangazi Dama anaapa alitaka kuzikwa nalo. Baba mkubwa alikuwa ameshanunua suti nyeusi na shati jeupe.

"Tumzike baba kama shabiki wa mpira?" akauliza.

"Tumzike kama alivyotaka."

Shangazi alishindwa. Alikaa chini ya hema akiwa amefunga mikono na mdomo. Naomba mkumbuke hilo shati, mimi nilikuwa nimelisahau.

Jeneza likawekwa kando ya kaburi. Nikaitwa. Nikapewa kipaza sauti.

Nilianza vizuri. Nasema ukweli, nilianza vizuri sana. Watu walikuwa wakiitikia "kweli, kweli." Mama alikuwa safu ya mbele (walimpa kiti cha mbele, kwa mara ya kwanza) na kidevu chake kilikuwa juu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukiogopa watu, tazama juu ya vichwa vyao. Nikatazama juu ya vichwa vyao.

Juu ya vichwa vyao kuna mkorosho. Ndipo babu alipokuwa akifunga mbuzi wake kila jioni. Na kwenye tawi kavu, mbele ya jua, ametulia kama aliyealikwa: nyeusi juu, njano chini.

Nikanyamaza.

Watu wakadhani ni uchungu. "Jikaze, mwanangu," mmoja akasema. "Mwacheni alie," akasema mwingine. Kwaya ikaanza kuimba chini chini kunisaidia. Mimi sikuwa nalia. Nilikuwa nakagua. Kichwa cheusi, ndiyo. Tumbo la njano, ndiyo. Mgongo siuoni vizuri, jua linanipiga, lakini lazima uwe mweusi, utakosaje kuwa mweusi?

Kisha mdomo wangu, ambao ulikuwa karibu kabisa na kipaza sauti, ukasema: "Ni yeye."

Baba mkubwa alikuwa amekodi spika kubwa. Nadhani nilisikika hadi kijiji cha pili.

"Nani?" akauliza.

Mtu mwenye akili angesema "Bwana Yesu," hotuba ikaendelea. Mimi nilinyoosha kidole. "Yule pale. Kwenye mkorosho."

Umati mzima ukageuka. Sisi ni Wakristo, tena wa kwaya. Lakini koma, roho za wazee wetu, hazikuhama boma hili eti kwa sababu tulibatizwa. Waliokuwa wamekaa chini ya mkorosho waliinuka na viti vyao. Hakuna aliyekimbia. Walihama kwa heshima, ila upesi sana.

Bibi yetu, hawe Tabu, dada yake babu, haoni tena, lakini masikio yake ni mazima. Akauliza kutoka kitini: "Amevaaje?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Maana hilo, kwa mtazama ndege, ndilo swali sahihi. Maisha yangu yote nimesubiri mtu wa familia yangu aniulize swali hilo.

"Juu nyeusi," nikasema polepole, nisikosee. "Chini njano."

Shangazi Dama akasimama. "Shati lake," akasema. Hakupaza sauti, na ilikuwa mbaya zaidi hivyo. "Niliwaambia. Mmemvika suti, na shati lake amelifuata mwenyewe."

Baba mkubwa akavua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia, hata kanisani hutafuta sababu ya kukaa nayo. Akanisogelea na kuniuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia: "Amekasirika?"

"Hapana," nikasema. Macho yangu yalikuwa bado mtini. "Anajikuna."

Mzee mmoja akatikisa kichwa. "Ni yeye. Mgongo ule ulimsumbua hadi mwisho."

Shangazi alikuwa tayari anaelekea nyumbani kuchukua shati. Baba mkubwa akawageukia vijana waliosimama kaburini. "Tafuteni bisibisi," akasema. "Tufungue."

Neno bisibisi ndilo lililonizindua. Nikashusha macho kutoka mtini, nikakutana na ya mama. Wanawake walikuwa wamemzunguka. Mmoja alikuwa akimpapasa mgongo. Mtoto wake ameonyeshwa. Kati ya wajukuu wote, babu amejionyesha kwa mtoto wake. Na uso wa mama, ambao miaka yote umekaa karibu na mlango, ulikuwa katikati ya watu, unang'aa.

Ningeweza kunyamaza. Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu mchana. Lakini walikuwa wanakwenda kufungua jeneza. Na mimi, mnanijua, siwezi kupita karibu na kosa bila kuligusa.

"Samahanini," nikasema kwa kipaza sauti. "Si babu. Ni ndege. Ni mnana wa Kilifi, ni adimu sana, nimemtafuta kwa muda mrefu."

Mchungaji akakohoa. Baba mkubwa akarudisha kofia kichwani. Shangazi Dama akatokea mlangoni na shati mkononi, anahema.

"Nini?" akauliza.

"Ndege," akajibu baba mkubwa.

"Ndege gani?"

"Muulize huyu."

Hakuniuliza. Alianza kulikunja lile shati, upande mmoja, upande wa pili, taratibu, kana kwamba alikuwa peke yake. Kwa dakika chache baba yake alikuwa amerudi kumuunga mkono mbele ya kaka zake, na mimi nikamnyang'anya. Mengine yote nichekeni, lakini hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze.

Kisha mtu akacheka nyuma. Akajiziba na leso. Kicheko kikapita safu kwa safu kama upele, kwenye mazishi, mbele ya jeneza. Binamu yangu Charo akanitoa kipaza sauti mkononi, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Hotuba yangu ilikuwa imebaki sehemu moja tu. Ilikuwa ile ya kumshukuru mama kwa kumuuguza babu. Haikusemwa. Charo hakujua kuwa ilikuwa imebaki.

Kabla jeneza halijashushwa, baba mkubwa akamgeukia mama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sauti ya mtu anayedai chake.

"Mama Kadzo, ulisema mwenyewe kwenye kikao."

Mama akainuka. Nilijua anakwenda kuomba radhi, na kwamba hayo yangekuwa maneno yake ya mwisho katika boma hili.

"Nilisema akiaibisha," mama akasema. "Kaaibisha wapi? Ndege huyo mnamjua? Wazungu wanavuka bahari kumtafuta, wanarudi kwao hawajamwona. Leo amekuja mwenyewe kumsindikiza baba yenu. Amevaa kama yeye. Ni nani mwingine hapa kijijini aliyezikwa hivyo?"

Mama hajui chochote kuhusu ndege. Alichojua ni kile nilichotoka kukisema mimi kwenye kipaza sauti, na akakishika chote kama kilivyo, akasimama juu yake.

"Hata chifu hakuzikwa hivyo," akasema hawe Tabu.

Wazee wakatazamana. Mmoja akaitikia kwa kichwa, wa pili naye. Baba mkubwa akamwambia shangazi, bila kumtazama, kwamba shati liwekwe juu ya jeneza. Shangazi akalitandaza mwenyewe, akanyoosha kola. Tukazika.

Ningeishia hapo. Hapo pangekuwa pazuri. Aibu imenipata, mama amepona, babu ana shati lake.

Lakini jioni hii Charo ameweka video kwenye kundi la familia. Alikuwa akirekodi hotuba yangu, na mimi niliponyoosha kidole, akaigeuza simu kwenye mkorosho. Nimeifungua kwa furaha, naapa. Nilitaka kumwona tena. Nikaivuta picha kwa vidole.

Ndege anageuka. Anaonyesha mgongo.

Mgongo si mweusi. Una mabaka. Njano na nyeusi, nyeusi na njano, kama kitambaa cha bei rahisi. Ni mnana wa kawaida. Yule anayekula mpunga. Yule anayechana makuti ya minazi ya watu na kupiga kelele tangu alfajiri. Kila mtu wa boma hili ameshamrushia jiwe. Na mwisho wa video, watu wanapohama na viti vyao, anaruka hadi kwenye mnazi wa jirani, ambako wenzake wamejaa, wanagombana.

Nimeitazama hadi simu ikapata moto. Kila nikiitazama, mgongo una mabaka.

Vidole vyangu vimeandika kwenye kundi la familia: "Samahanini, kuna marekebisho madogo." Nimefuta. Nimeandika tena. Nimefuta. Hamjui inavyouma, kosa limekaa pale wazi, ni langu, na mimi ndiye peke yangu ninayeliona.

Hapa nilipo ninawasikia walio ndani. Wamefika wageni waliochelewa, wanauliza habari ya ndege. Na nimemsikia baba mkubwa, kwa sauti yake ile ile ya vikao, akisema: "Sogea hapa katikati, mama Kadzo, uwaeleze. Wewe ndiye unayejua."

Na mama anaeleza. Ameshaongeza kwamba aliimba.

Kwa hiyo nazima simu. Video ikiwafikia, naomba msiivute. Na ninyi wenzangu wa darubini mliomo humu, nawajua, mna macho makali na hamna huruma. Ukikutana na mama yangu sokoni akakuuliza, huyo ni mnana wa Kilifi.