Kifungua Kinywa cha Ng'ambo

Jumatatu, 9 Juni

Wewe uliyeokota daftari hili, lifunge. Kama umeshaanza kusoma, nakuomba kwa jina la Yesu, usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Ikupa wa kwaya. Hasa Deus. Mama ndiyo usithubutu kabisa.

Mama amelazwa hospitali ya Vwawa. Uvimbe tumboni. Daktari atampasua Ijumaa, mradi ale vizuri apate nguvu. Amekonda mno. Jana kanisani kikundi cha maombi kilitangaza mfungo wa wiki nzima kwa ajili yake, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Mchungaji akauliza nani watafunga. Ikupa alikuwa ananitazama. Nikanyoosha mikono yote miwili.

Sijawahi kufunga maishani! Nikikosa chai natetemeka, na karani wa forodha hatakiwi kutetemeka. Nilimpigia Mama kumwambia. Akasema asante, baba.

Deus, karani mwenzangu, anafunga huku anapiga mluzi. Mluzi! Mchana aliniona nimeegemea kabati, akanigonga bega: "Kaza, mtumishi Ombeni, Yona alikaa tumboni mwa samaki." Namchukia. Mungu anisamehe.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata njia, tena halali! Ng'ambo, Nakonde, saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Mfungo ukianza kwetu Tunduma, kule bado haujaanza. Nilivuka mpaka alfajiri pamoja na wauza nyanya. Nikala vitumbua, mayai, ubwali, ndio ugali wao, na dagaa kwa mama mmoja mwenye kibanda cha pazia. Ananiita bamudala, yaani mzee, kama mtu mwenye ng'ombe. Jioni nikafungua kwa saa za Tanzania. Sijavunja kitu.

Ila niliogopa njia nzima. Kila aliyekohoa nyuma yangu nilidhani ni mchungaji.

Jumatano, 11 Juni

Nimevuka asubuhi. Nimevuka na mchana. Safari ya mchana haina hoja ya saa. Ni njaa tu.

Ikupa kaniambia uso wangu unang'aa, ndivyo wanavyokuwa watu walio karibu na Mungu. Yalikuwa mafuta ya vitumbua. Nikainamisha kichwa.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa! Tumekwenda Vwawa kumwona Mama, mimi, Deus na Ikupa. Nesi amekasirika. Mama hajala kitu tangu Jumatatu, anakunywa maji tu. Mwenyewe akaeleza taratibu, kwa fahari, kwamba mwanawe anashinda njaa kwa ajili yake, sasa yeye atapelekaje kijiko mdomoni? Daktari amesema kesho hampasui. Asipokula, hata Jumatatu hampasui. Na uvimbe haungoji.

Lilitakiwa neno moja: Mama, mimi nakula. Nilikuwa nalo. Ikupa alisimama kando yangu, macho yamemlowa.

Nikasema nitaongeza siku tatu.

Mama akalia kwa furaha. Akasukuma bakuli la uji.

Hapo Deus akakaa kitandani, akachukua lile bakuli. Akamwambia Mama kwamba njaa imemshinda, amsaidie wamalize pamoja. Kijiko chake, kijiko cha Mama, mpaka bakuli likaisha. Mama akamwita mlafi, akacheka kidogo.

Na jua bado liko dirishani! Deus amevunja mfungo mbele ya mashahidi! Ameanguka, mimi nimesimama. Ndani ya gari nikamnong'oneza Ikupa habari hiyo, kwa masikitiko. Akahama kiti. Nadhani alitaka kuomba peke yake.

Jumatatu, 16 Juni

Mama alikula Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Deus alikwenda kila siku na hotipoti, wakala pamoja. Mimi sikwenda. Ningewezaje kukaa mbele ya chakula nikiwa kwenye mfungo?

Leo asubuhi wamempasua. Walinipigia nije nimshike mkono kabla hajaingizwa. Laini yangu haishiki ng'ambo. Nilikuwa nyuma ya pazia, yai la pili.

Aliingia ameshika mkono wa Deus. Ametoka hai, lakini hajaamka sawasawa. Nesi anasema kila akifumbua macho anauliza swali moja tu, kama Ombeni amekula.

Nilikaa kwenye benchi la nje, nikashindwa kuingia. Nikatafakari sana. Nimeona ni lazima kubadilika.

Siku tatu hazitoshi. Nimemtumia mchungaji ujumbe: nitaongeza saba. Ikupa atausikia ukitangazwa.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, ukinihitaji usipige simu. Vuka alfajiri na wauza nyanya. Tafuta kibanda chenye pazia la bluu. Usitaje Ombeni, ulizia bamudala. Na usikohoe, tafadhali. Nitapaliwa.