Viatu Vinne kwa Mtu wa Miguu Miwili

Kwa Mkubwa wa Duka la Kwenye Simu,
Huko huko uliko, maana mlango wako hakuna aliyewahi kuuona.

Mwanangu Mkubwa wa Duka,

Pokea salamu zangu, ingawa hazijatoka moyoni. Hujambo? Watoto hawajambo? Na mama yako, mara ya mwisho ulimwona lini? Usijibu sasa, tutafika hapo.

Mimi ni bibi wa nyumba ya mlango wa kijani, mkabala na mashine ya kusaga. Shule sikuingia hata kuchungulia dirishani, kwa hiyo haya nayasema kwa mdomo, na anayeandika ni muuza viatu wa mtaani kwetu. Ananishauri nianze kwa upole. Upole ndio huo hapo juu, umeshakwisha.

Binti yangu anafanya kazi mji wa mbali. Mwezi uliopita alibonyeza simu yake akaniagizia viatu kwako. Vimefika. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mmeniletea viatu vinne. Nimevihesabu mwenyewe, hilo halihitaji shule. Vinne, vyeusi, sura moja, ndani ya boksi la kutosha kulaza mtoto. Mimi nina miguu miwili. Nilizaliwa na miwili na sijaongeza. Mlidhani mmeagizwa na punda? Kama huko mna mtu wa kuhesabu, mfukuzeni. Kama hamna, hilo nalo ni aibu. Sikuvijaribu. Muuza viatu alitaka kuvichungulia nikamkataza, asije akapandwa na presha. Boksi liko chini ya meza na kuku wangu ameshaanza kutaga juu yake.

2. Hakuna aliyenishika mguu. Sikiliza, maana hili huko kwenu halijulikani. Mguu wangu wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia. Ulivimba nilipokuwa na mimba ya huyu huyu binti, na alipotoka yeye, uvimbe ukakataa kutoka. Kushoto navaa arobaini, kulia thelathini na nane. Muuza viatu huyu hupiga magoti, akashika kisigino changu kama anashika yai, akabonyeza kwa dole gumba kuona kidole kimefika wapi. Halafu hunipa cha kushoto kutoka jozi moja na cha kulia kutoka jozi nyingine. Vinavyobaki humwekea mke wa fundi bomba, ambaye kwake mguu mkubwa ni wa kulia. Miaka kumi na mitano tunagawana hivyo. Tukikutana njiani tunatazamana miguu kabla ya nyuso, na nikiona soli yake imelika namkaripia: tembea taratibu we mwanamke, hicho ni ndugu ya changu! Sasa wewe, mwenye viatu vingi kuliko watu wa kuvivaa, miguu yetu unaijua? Unajua namba tu. (Mwandishi wangu anaona haya kuandika sifa zake mwenyewe. Aandike, haya ataziona akifika kwake.)

3. Hakuna wa kugombana naye. Dukani mimi nasema viatu ni vibaya. Muuzaji anasema viatu havina neno, miguu ndiyo mibaya. Naondoka kwa hasira. Ananiacha nifike duka la mikate, ndipo anaita. Najifanya kiziwi. Anaita tena. Narudi. Hiyo ndiyo biashara, mwanangu, na mtu anarudi nyumbani amechangamka. Kwako nilipiga simu, msichana akaniambia kwamba wao wananithamini sana, akanifungulia muziki. Nikamsimulia shida yangu tangu mwanzo, na habari za mimba nikaziweka. Akasema nibonyeze moja. Nikamuuliza yeye ni binti wa nani. Akanirudishia muziki.

4. Aliyeleta boksi ni mtu mzima mwenye mvi, juu ya pikipiki. Nikamwambia arudi nalo. Akasema bibi, mimi kazi yangu kuleta. Kurudisha ni lazima aje aliyeagiza, mwenyewe, na kitambulisho chake. Nikamkaribisha akae anywe chai. Akasema hawezi, simu inamhesabia dakika. Mzee mwenye mvi anahesabiwa dakika na simu! Chai aliinywa wima, kofia ya pikipiki kichwani, kama anayekimbia mvua. Basi nikampigia binti yangu, nikamwambia duka lako limenigeuza mnyama. Akaanza: mama, hebu vitazame vizuri kwanza... Nikakata.

5. Haya, sasa lenyewe. Mmenichukulia mtoto. Zamani alikuja mara mbili kwa mwaka kuninunulia viatu. Siku hiyo mimi nimeshavaa tangu asubuhi, nimekaa mlangoni na mkoba mapajani. Tunaingia maduka matatu, ingawa wote tunajua tutanunua kwa huyu wa tatu. Yeye ananiambia, mama, hivyo vya kizee. Mimi namuuliza, kwani unamvalisha nani, bibi harusi? Tukimaliza tunakaa kwenye benchi la nje, tunakunywa soda, miguu inapumzika, ananieleza mambo yake ambayo kwenye simu haelezi. Tangu ajue kubonyeza ni mwaka mmoja na miezi minne. Mwavuli umefika. Blanketi limefika. Sufuria imefika na mfuniko wake. Yeye hajafika.

Kwa hiyo natoa maombi yangu, nayo ni madogo:

Kwanza, mtu akimwagizia mama yake kitu, simu imuulize amemwona lini. Ikizidi miezi miwili, izime.

Pili, mzigo wa mama uletwe na aliyezaliwa na huyo mama. Pikipiki zibaki kwa mizigo ya wasio na watoto.

Tatu, kama hayo yanakushinda, basi, kwa kuwa unajigamba kwamba unaleta kitu chochote mlango wowote, niletee binti yangu. Mfunge vizuri. Bandika ule mchoro wa glasi, na ule mshale wa kuelekea juu, maana huwa anapata kizunguzungu. Nitampokea na kuweka dole gumba. Hata akija na miguu minne sitalalamika.

Ukikataa, nitakuja dukani kwako mwenyewe, na nikikuta halina mlango nitakaa pale ambapo mlango ulipaswa kuwa.

Nisalimie wafungaji wa maboksi, nisalimie mzee wa pikipiki, chai yake ipo. Hata yule msichana wa muziki msalimie, huenda naye ana mama.

Ni mimi ninayekugombeza kwa nia njema,

Bibi wa Mlango wa Kijani
(dole gumba langu hilo, muuza viatu kashuhudia)

Nyongeza: Barua ilikuwa bado haijaondoka. Binti yangu kafika juzi kurudisha boksi, na sasa anayeandika ni yeye, ndiyo maana mwandiko umenyooka. Alimfukuza kuku, akapiga magoti, akanivalisha cha kushoto kutoka jozi moja na cha kulia kutoka jozi nyingine. Kumbe aliagiza jozi mbili makusudi, arobaini na thelathini na nane. Anasema atausahauje mguu alioutia uvimbe yeye mwenyewe. Vimenikaa kama nilizaliwa navyo. Viwili vilivyobaki mke wa fundi bomba ameshavichukua na anatamba navyo barabarani. Muuza viatu kanuna, nitampoza, kesho tunakwenda kwake kununua kamba za viatu ambazo hatuzihitaji.

Kwa hiyo yote niliyosema futa. Ombi limebaki moja. Safari ijayo huyu akiniagizia, wewe kosea. Lete kimoja kibane, au lete vitano. Vikinitosha vyote, atarudi kufanya nini?

Anasema hilo haandiki. Ameandika.