Kiti cha Kumi na Saba

Evaristo Pinilla aligundua kwamba ana nuksi siku ya Alhamisi, kipindi cha pili, dakika ya sitini na moja, na tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyewahi kupokea habari mbaya kwa furaha kiasi kile.

Alikuwa ndiyo kwanza anaingia baa, mkono mmoja kwenye kitasa, jicho kwenye sahani ya zeituni ya mtu mwingine, pale Wadenmaki walipoifunga Tenerías, timu ya mtaa, goli la kwanza la nusu fainali. Akatoka nje kuvuta sigara, Tenerías wakasawazisha. Akarudi kutazama marudio. Shuti la Tenerías likagonga nguzo. Akaenda msalani, Wadenmaki wakakosa penalti. Alipotoka huko akijifunga mkanda, Fermín kinyozi, ambaye ufundi wake ni mkasi lakini kipaji chake hasa ni umbea, akapanda juu ya kiti na kumnyooshea kidole.

"Ni huyu! Jamani, ni huyu! Gafe!"

Neno hilo mtaani Tenerías, hapo Zaragoza, halitamkwi ovyo. Gafe ni mtu mwenye nuksi ya kuambukiza, na dawa yake ni moja tu: kugusa mti, tena upesi. Balaa ni kwamba baa ilikuwa imekarabatiwa majira ya baridi, na kila kitu kilikuwa plastiki na marumaru ya kubandika. Watu arobaini wakakirukia kikopo cha vijiti vya meno. Waliokosa wakamshika Fermín mkono, kwa kuwa yeye alipata viwili.

"Toka nje, maño, ndugu yangu," mwenye baa akamsihi. "Kinywaji nitakuletea hukohuko. Wewe toka tu."

Vermuti ikaletwa barazani, na zeituni zake, na Evaristo akanywa peke yake mpaka alipousikia mtaa mzima ukilipuka. Tenerías, timu ya wajukuu wa wachuna ngozi, miaka tisini na saba bila kushinda hata kikombe cha chai, ilikuwa imeingia fainali ya Ulaya. Si kombe la wakubwa, tuelewane. Si hata kombe la wadogo wa wakubwa. Ni lile la tatu, ambalo matajiri hulitazama kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. Lakini ni la Ulaya, na fainali ni Vienna, na wapinzani ni Roccasale ya Calabria, Waitalia ambao nao hawakuwahi kuinusa fainali yoyote tangu Nuhu ashuke safina.

Evaristo akaitazama ile glasi. Hakuwa ameilipia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amepewa kitu bila kusema uongo hata mmoja. Akajiuliza: je, angepewa nini kama angesema?

Kwa kazi, Evaristo alikuwa mtu wa maneno. Aliwahi kuwauzia watalii hewa ya kanisa la Pilar ndani ya chupa za jemu, na waliporudi kulalamika kwamba chupa ni tupu, akashika kichwa na kuwauliza kwa huzuni kubwa: "Masikini, kwani mmezifungua?" Lakini safari hii hakutaka fedha ya mtu. Alitaka tiketi. Baba yake, fundi wa mikanda, alikuwa mwanachama namba 212 wa tawi la mashabiki, na alifariki miaka kumi na moja iliyopita huku akiuliza matokeo. Kadi yake ilikaa ndani ya pochi ya Evaristo, kitu pekee duniani ambacho hakuwahi kujaribu kukiuza. Mzee alikuwa ameahidiwa fainali na Mungu, au hivyo ndivyo alivyodai, na mtoto wake alikuwa amekata shauri kwenda kuitazama kwa niaba yake. Shida ni kwamba tawi lilipewa tiketi thelathini na nane kwa wanachama mia tatu, zigawiwe kwa kuchezesha pipa la kura Jumapili, na Evaristo hakuwa amekanyaga mkutano wa tawi tangu mazishi.

Ijumaa asubuhi akaenda kwa doña Obdulia, mwenyekiti wa tawi, mama wa miaka sabini na mbili anayekaanga churros, maandazi marefu ya Kihispania, pale pembeni mwa soko, na ambaye mikono yake haiogopi mafuta ya moto wala watu.

"Doña Obdulia, nimekuja kuungama."

"Kanisa liko mtaa wa pili, mwanangu."

"Ni kweli wanayosema. Mimi ni gafe. Nimejificha miaka yote hii. Tuliposhuka daraja mwaka wa mafuriko, nani alikuwa amekaa nyuma ya goli? Mimi. Kipa wetu alipovunjika mguu akishangilia, nani alikuwa amempungia mkono? Mimi."

Fermín kinyozi, aliyekuwa kwenye foleni, akaangusha churros zake na kukumbatia mlango, ambao kwa bahati ulikuwa wa mbao.

"Basi siku ya fainali tutakufungia stoo," akasema doña Obdulia.

"Mkinifungia stoo, nuksi yote hii inapotea bure! Nitumieni, doña. Nipelekeni Vienna. Mnikalishe katikati ya Waitalia, skafu yao shingoni, niwashangilie kwa moyo wangu wote. Muone kama watavuka nusu ya uwanja."

"Si uwashangilie hapahapa kwenye televisheni?"

"Kwenye televisheni nuksi inafika imepoa. Matangazo yanachelewa sekunde saba. Inafika, mpira umeshatoka."

Hiyo ilikuwa hoja ya kisayansi. Fermín, bado amekumbatia mlango, akatikisa kichwa kukubali.

Doña Obdulia akageuza churros zake, akazitoa, akazipanga. Hakuwa na haraka. "Nina simu ya wenzetu wa Roccasale," akasema mwishowe. "Tunatumiana salamu. Labda wana kiti."

"Kiti chochote. Mimi si mtu wa kuchagua."

"Utaapa. Skafu yao shingoni mpaka filimbi ya mwisho. Ukiishangilia Tenerías hata kwa kope, usirudi mtaani. Na utaniachia rehani."

"Rehani gani, doña?"

"Kadi ya baba yako."

Evaristo akasita, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akaitoa kadi, akaipangusa kwa kiwiko, akaiweka juu ya kaunta. Akatoka pale akitembea kama bwana harusi. Jumapili pipa lilipochezeshwa, hakwenda. Mwenye kiti chake tayari aende kwenye pipa kutafuta nini?

Uwanjani Vienna: safu ya kumi na saba, kiti cha kumi na saba. Evaristo, Mhispania kamili, aliikagua tiketi mbele na nyuma, akaona hakuna kumi na tatu popote, akashukuru. Alipoketi tu, Waitalia wa safu ile wakanyamaza. Kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza kushika chuma: funguo, vifungo vya mikanda, nguzo za uzio. Wazee kadhaa wakajishika mahali pasipotajwa mbele ya watoto, ambako Wacalabria wamehifadhi kinga yao tangu enzi za mababu.

Jirani yake alikuwa Gesualdo, mfamasia mnene, shingoni amening'iniza pembe nyekundu ya bahati kubwa kama karoti. Waliongea kila mtu lugha yake, polepole, wakaelewana kama binamu wanaogombea urithi.

"Samahani, ndugu yangu. Hicho kiti umekikalia kwa makusudi?"

"Kiti kizuri. Kina nini?"

"Hakina kitu," akasema Gesualdo akishika pembe yake. "Ndiyo maana hakikuwa na mtu."

Dakika ya ishirini na tatu Tenerías wakafunga. Goli safi la kichwa, nyavu zikatetemeka, na ng'ambo ya uwanja watu elfu nane waliovaa kahawia na njano wakaangukiana. Evaristo akauma skafu ya buluu, akainama, akalia. Machozi yalikuwa ya kweli kabisa. Ni maana yake tu iliyoghushiwa.

"Unalia vizuri mno," akasema Gesualdo. "Wewe ni wa wapi?"

"Wa kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Kule... nyuma ya kanisa."

"Na mbona skafu umeivaa juu chini?"

Evaristo akaitazama skafu. Mdomo uliowahi kuuza hewa ukakosa hewa. "Zaragoza," akakiri.

Gesualdo akatazama kiti, akatazama safu, akatazama goli. "Mama yangu!" akapiga ukelele. "Wametuletea nuksi kwa ndege! Mhispania, kumi na saba juu ya kumi na saba, na amevaa rangi zetu!"

Hakuna aliyempiga, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumgusa. Wakamvua skafu kwa ncha ya mwavuli. Ikatafutwa skafu ya Tenerías, ikaja mkono kwa mkono juu ya vichwa, wakamtupia shingoni kama wanavyomtupia fahali kamba.

"Shangilia wenu! Kwa sauti!"

"Nimeapa, jamani..."

"Shangilia, au tunakubeba na kiti chako!"

Basi akashangilia. Kwanza kwa woga, kisha koo likafunguka lenyewe, na miaka yote ya baba yake ikatoka: "Tenerías! Tenerías!" Akasimama juu ya kiti. Zilikuwa sekunde kumi tamu kuliko zote alizowahi kuishi, na ya kumi na moja kamera, iliyopenda doa moja la kahawia ndani ya bahari ya buluu, ikamrusha kwenye skrini kubwa. Ng'ambo, watu elfu nane wakamwona gafe wao na skafu yao. Wakaanza kutafuta mti ndani ya uwanja wa chuma, saruji na plastiki. Wakiwa bado wanatafuta, Roccasale wakasawazisha.

Safu ya kumi na saba ilitaka kumkumbatia, ikakumbuka, ikamrushia mabusu kwa mbali. Simu yake ikalia.

"Evaristo."

"Doña! Nimelazimishwa!"

"Nakuona, mwanangu. Una urefu wa ghorofa mbili." Simu ikakatwa.

Dakika ya themanini na tisa, refa akanyoosha mkono. Penalti. Ya Tenerías.

"Shangilia!" Wacalabria wakamzingira, kila mtu na ufunguo wake mkononi. "Usinyamaze sasa, baba, shangilia!"

"Nisikilizeni!" Evaristo akalia. "Mimi si gafe! Niliitunga ili nipate tiketi! Ni uongo wote, toka mwanzo!"

Gesualdo akamtazama kwa huruma. "Wote husema hivyo. Shemeji yangu alisema hivyohivyo, na feri ikazama."

Ndipo jambo la ajabu likatokea ndani ya kichwa cha Evaristo. Akaanza kujumlisha. Alipoingia baa, goli. Alipotoka, wakasawazisha. Aliporudi, nguzo. Alipovaa skafu ya Waitalia, Tenerías wakafunga. Alipoishangilia Tenerías, wakafungwa. Katika miaka hamsini alikuwa ameuza uongo wa kila aina, hajawahi kununua hata mmoja, na sasa aliununua wa kwake mwenyewe, bila kupunguziwa bei. Akamwona mpigaji akiuweka mpira, akiusogeza, akirudi nyuma. Mchezaji wa Tenerías, penalti, fainali, na yeye gafe, macho mawili wazi mbele ya hilo lote.

"Nisamehe, baba," akanong'ona, akakimbia.

Wacalabria walimfukuza, ila kila aliyemkaribia alikumbuka kwamba akimkamata itabidi amshike. Akashuka ngazi, akajitosa msalani, akatafuta mti. Vigae. Bomba. Plastiki. Pembeni, mama mmoja wa usafi alikuwa ameegemea ufagio wenye mpini wa mbao.

"Mama, niazime!" Akaukumbatia ule mpini kwa mikono miwili, akafumba macho.

Juu yake uwanja ukanguruma. Lakini chini ya saruji, goli na penalti iliyookolewa hunguruma kwa sauti moja. Akamuuliza yule mama kwa macho. Mama akainua mabega. Kama limeingia, akawaza, nikitoka nitaliharibu. Kama halikuingia, sitaki kujua. Akabaki palepale dakika zote za nyongeza, na filimbi, na nyimbo, mpaka mwenye ufagio alipouvuta ili aendelee na kazi. Alipopanda juu, Tenerías walikuwa mabingwa wa Ulaya, na kombe lilishainuliwa, likabusiwa, likaangushwa mara moja, likaingia chumba cha kubadilishia nguo.

Ijumaa aliporudi mtaani alipokewa kwa heshima kubwa, kutoka umbali wa hatua tano. Kamati ilikuwa imepiga kura, hakuna aliyepinga: Evaristo Pinilla, mwanachama wa heshima, kwa utumishi wake uliotukuka wa kutokuwepo. Kila siku ya mechi atapewa vermuti na zeituni bure, kwenye meza yake peke yake, mwisho kabisa wa mtaa, pasipofika sauti ya televisheni. Kiwanjani asionekane tena maisha yake yote. Fermín alimsomea azimio hilo akiwa na kijiti mdomoni.

Doña Obdulia akamrudishia kadi. "Mimi nuksi siiamini," akasema. "Upuuzi mtupu."

"Basi tiketi ulinipa ya nini?"

"Tiketi sikukupa. Nilikupa kiti. Niliwauliza Wacalabria: kipi ambacho hakuna mtu wenu atakayekikalia hata kwa bunduki? Kumi na saba kwao ndiyo kumi na tatu yetu." Akapangusa mikono. "Tiketi yako ilikuwa nyingine."

"Ipi, doña?"

"Kwenye tawi letu namba ya marehemu haiondolewi kwenye pipa. Inacheza mpaka mwanawe aje mkutanoni kuidai. Ungehudhuria mkutano hata mmoja ungejua. Jumapili ile, namba ya kwanza kutoka ilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Jukwaa la katikati, safu ya tisa, kati yangu na padri. Nikaita jina mara tatu. Hukuwapo. Na kadi ilikuwa mkononi mwangu, kwa hiari yako."

Evaristo akashika kaunta. "Nani alikaa?"

"Mama mkwe wa Fermín. Alilala tangu mapumziko."

Evaristo akaitazama picha ya baba yake kwenye kadi. "Niambie basi ile penalti ilipigwaje," akasema kwa sauti ndogo. "Hilo tu."

"Ilipigwa kushoto, chini kabisa, halafu kipa..." Doña Obdulia akakoma. Akamtazama Evaristo, akaitazama kalenda ukutani. "Agosti tuna mechi nyingine ya kombe," akasema. "Afadhali usijue, mwanangu."

Na mkono wake, ule usioamini upuuzi, ukateremka taratibu chini ya kaunta, ukapapasa mpaka ukaupata mwiko wa mbao.